Mishikaki ya kuku ya mkaa: namna ya kuichoma nyumbani isikauke

Mshikaki wa kuku unaonekana mwepesi kuliko wa ng'ombe, na kwa sababu hiyo watu huuendea kwa mazoea. Wanachukua ujuzi wa nyama nyekundu, yaani papai bichi la kulaza usiku kucha, mkaa unaotoa ndimi na kuchoma mpaka ncha zigeuke nyeusi, wanauhamishia kwa kuku mzimamzima. Matokeo yake ni nyama iliyopondeka nje au iliyokauka ndani, na mara nyingine yote mawili kwenye kijiti kimoja.

Ng'ombe wa mishikaki huwa mgumu, ndiyo maana analainishwa. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki tano au sita tu; ni laini tangu buchani. Huna la kumlainisha. Unachotakiwa ni kulinda maji aliyonayo mpaka aive, na kuhakikisha nje hakuungui kabla ndani hakujafika. Viungo vinasaidia, lakini kinachoamua ni kipande ulichokata na moto uliouwasha, kwa hiyo huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Vipimo vya hapa ni vya kilo moja ya nyama isiyo na mfupa. Inatoa mishikaki minane hivi, kila mmoja na vipande vinne au vitano. Watu wanne wanashiba kama pembeni kuna chapati, ndizi au mihogo.

1. Nunua mapaja

Nyama ya paja ina mafuta ndani yake, na hata ukiichelewesha dakika mbili tatu kwenye moto bado inaliwa vizuri. Kidari hakina msamaha. Kikishapita kuiva kinakauka papo hapo, na hakuna ukwaju utakaoficha. Kinachokipa wateja ni kwamba hakina mishipa, kinakatika kirahisi na kina mafuta kidogo. Ukikitumia, kipe vijiti vyake peke yake. Ukichanganya kidari na paja kwenye kijiti kimoja, kidari kitakuwa kimeshakauka wakati paja bado linasubiri.

Maduka mengi huuza mguu mzima, paja la juu na la chini pamoja. Chukua kama kilo moja na robo tatu ya miguu hiyo ili ubaki na kilo moja baada ya kutoa mifupa na ngozi. Muuza kuku akikubali kukutolea mifupa, mshukuru. Asipokubali, kazi yenyewe ni hii: laza mguu upande wa ngozi ukiwa chini, tafuta mfupa kwa kidole, kisha pitisha ncha ya kisu kikali kandokando yake kwa mikato mifupi, upande huu na upande ule, mpaka mfupa wote uonekane. Pitisha kisu chini yake uuinue. Kwenye maungio utakuta gegedu, likate ulitupe. Kwenye paja la chini kuna mishipa mieupe migumu kadhaa, nayo ivute uitoe, maana haiivi hata ukeshe. Mifupa yote iweke kwa supu ya kesho.

Ngozi huwa naiondoa. Inadondosha mafuta kwenye mkaa, mafuta yanawasha ndimi, na ndimi zinalamba nyama masizi.

Kuku wa kienyeji tumwache kwenye mchuzi. Ladha anayo, tena kumshinda wa kisasa kwa mbali, lakini jogoo aliyezunguka uwanjani mwaka mzima ana nyama inayotaka sufuria na muda, na mshikaki hauna muda huo. Ukibahatika kupata pora au tembe, yaani jogoo au jike ambaye bado mchanga, hapo sawa.

Sasa suala la kuosha, ambalo jikoni kwetu linaweza kuvunja undugu. Wengi tumelelewa kwamba kuku haingii chunguni bila kuoshwa kwa ndimu na chumvi. Wataalamu wa usalama wa chakula wanashauri asioshwe, hasa chini ya bomba, kwa sababu matone yanarusha vimelea kama salmonela kwenye sinki, vyombo na hata kachumbari iliyo jirani, na kinachoviua vimelea hivyo ni moto, si maji. Kama nafsi yako haikubali, mtumbukize taratibu kwenye beseni badala ya kumfungulia bomba, kisha beseni, sinki na mikono vyote vipite kwenye sabuni. Ukiosha au usipoosha, nyama ikaushe kwa kitambaa safi au karatasi za jikoni. Nyama yenye maji inakataa viungo, na ikifika motoni inachemka badala ya kuchomeka.

2. Kata vipande vinavyolingana

Lenga sentimita 3 kila upande. Chini ya hapo kipande kinakauka kabla hakijapata rangi. Juu ya hapo nje kunaungua na ndani bado kubichi. Usawa wa vipande una uzito kuliko kipimo chenyewe, kwa sababu kijiti kizima kinatoka motoni kwa wakati mmoja. Nyama ikiwa inateleza, iweke kwenye friza dakika 20 mpaka igande kidogo, utaona kisu kinavyopita.

Paja halikatiki kwa umbo la kete. Kutakuwa na vipande vyembamba vya pembeni, usivitupe. Vikunje mara mbili wakati wa kuvitunga, vitakuwa na unene sawa na wenzake.

3. Viungo

Kwa kilo moja:

- chumvi laini, vijiko vya chai 2 na nusu (gramu 15 hivi)
- kitunguu saumu, punje 7 au 8
- tangawizi mbichi, kipande cha urefu wa kidole gumba
- mtindi mzito usio na sukari, nusu kikombe
- mafuta ya kula, vijiko vikubwa 3
- bizari nyembamba (Unguja utaisikia ikiitwa uzile), kijiko cha chai 1 na nusu
- mbegu za giligilani, kijiko cha chai 1
- pilipili manga, nusu kijiko cha chai
- manjano, nusu kijiko cha chai
- nyanya ya kopo, kijiko kikubwa 1, kwa ajili ya rangi
- pilipili ya unga au pilipili mbuzi ya kupondwa, kwa ujasiri wako
- ndimu 2, ambazo hatuzikamui bado

Kaanga bizari na giligilani kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo, dakika mbili hivi, mpaka harufu ijae jikoni. Ipua mara moja, kisha twanga. Bizari ya unga iliyokaa kabatini tangu Idi iliyopita haitafanya kazi hiyo. Twanga kitunguu saumu na tangawizi pamoja na ile chumvi, kwani chumvi inasaidia kusaga na juisi haikimbii. Changanya vyote na mafuta na nyanya, halafu mtindi uingie mwisho.

Chumvi ndiyo inayopenya ndani ya nyama. Viungo vingine vingi vinabaki juu au vinaingia kidogo sana, hata ukivilaza siku mbili. Kwa hiyo usiogope kile kipimo cha chumvi, na usitegemee utatia baadaye mezani. Ila kama umezoea vile viungo vya pakiti au vya vidonge, kumbuka vina chumvi nyingi tayari. Punguza ya kwako angalau kwa nusu.

Mtindi una asidi ya upole. Unashika viungo kwenye nyama na unaipa rangi nzuri ya kahawia ikifika motoni. Ndimu ni kali zaidi: ukimlaza kuku kwenye juisi yake saa nyingi, nje kunageuka kweupe na kugumu kama kwamba kumeshapikwa, na ndani hakujaongezeka ladha. Ndimu inakuja baadaye, wakati wa kupaka na wakati wa kula.

Papai bichi nalitaja kwa sababu kuna mtu atauliza. Lina kimeng'enya kiitwacho papeini, kinachovunja protini, na kwa nyama ngumu ya ng'ombe ni msaada mkubwa. Kwa kuku wa kisasa kinavunja kupita kiasi: nje kunakuwa tepetepe, unatafuna kitu kisicho na nyuzi. Liache.

Tia nyama kwenye bakuli la kioo, plastiki au chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya alumini haifai hapa, kwani asidi inaichokonoa na nyama inachukua ladha ya madini. Changanya kwa mkono mpaka kila kipande kivae, funika, weka kwenye friji saa 2 hadi 8. Usiku kucha pia inakubali, maadamu hukutia ndimu. Asiye na friji asilaze zaidi ya saa moja, tena mahali pa baridi palipo mbali na jua. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa vimelea havina subira.

4. Vijiti na sindano

Vijiti vya mianzi viloweke kwenye maji nusu saa. Haitazuia ncha kuungua kabisa, ila itachelewesha. Sindano za chuma ni bora: zinapeleka joto katikati ya nyama, na zinadumu miaka. Chagua zilizo bapa. Kwenye sindano ya mviringo nyama inazunguka kivyake, wewe unageuza chuma na kuku amebaki upande uleule. Kama ulizonazo ni za mviringo, au ni vijiti vyembamba, tumia viwili sambamba kwa mshikaki mmoja, tatizo limekwisha.

Spoku za baiskeli zinaonekana sana mitaani. Nyingi zimepakwa zinki, na chuma kilichopakwa zinki si cha kupitisha kwenye chakula juu ya moto. Sindano za kweli si ghali kiasi hicho.

Tunga vipande viguse kidogo tu. Usivibananishe kama abiria watatu kwenye bodaboda moja, ambao nao tunawaita mishikaki. Pale vinapobanana, moto hauingii, na ukikata utakuta wekundu katikati. Acha sentimita 5 za mwisho bila nyama ili upate pa kushikia.

Hoho na kitunguu katikati ya nyama vinapendeza kwenye picha. Lakini hoho ina muda wake wa kuiva na kuku ana wake, na hakuna hata mara moja vinakubaliana. Anayependa mboga azitungie kijiti chake.

5. Moto

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo watu wanapokosa subira.

Mkaa wa miti migumu ni mzito mkononi na ukigonganisha vipande viwili vinatoa mlio mkavu, karibu na wa chuma. Unachelewa kushika lakini unakaa. Mkaa mwepesi unarusha cheche na unakwisha wakati mishikaki ya awamu ya pili ndiyo kwanza inaingia. Mkaa uliolowa mvua uanike juani kwanza. Pwani, vifuu vya nazi vikavu ni hazina: vinashika upesi, vina joto kali, na vichache chini ya mkaa vinatosha kuuamsha.

Washa kwa karatasi, vibanzi na vifuu. Mafuta ya taa yanaacha harufu inayomfuata kuku mpaka mdomoni, na kuku huchukua harufu kuliko ng'ombe. Mifuko ya plastiki, ambayo bado inapatikana majumbani hata baada ya Kenya kuipiga marufuku mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, ni mbaya zaidi. Moshi wake ni sumu na unatua moja kwa moja kwenye chakula.

Pepea kwa kipande cha boksi mpaka mkaa wote ushike, kisha uache. Subiri. Dakika 25 hadi 35 zitapita kabla haujawa tayari, na dalili yake ni majivu ya kijivu yaliyofunika kila kipande huku ndani kukiwa na wekundu tulivu. Ndimi za njano zikiwa bado zinaonekana, mkaa haujaiva. Mwenye njaa ataona ndimi akadhani ndio moto wa kuchomea; ndimi zinaunguza nje tu.

Pima kwa kiganja. Kishikilie pale nyama itakapokaa, uhesabu pole pole. Ukishindwa kabla ya kufika tatu, moto ni mkali mno kwa kuku. Tandaza mkaa au inua wavu. Ukifika nne au tano ndipo uondoe mkono, ndio huo. Ukifika nane na bado uko, ongeza mkaa, na usubiri tena nao uive.

Sukuma mkaa mwingi upande mmoja, upande wa pili uache na kidogo sana. Huo upande wa pili ndio kimbilio lako: mshikaki unaoungua unahamia huko bila kutoka jikoni.

Jiko la duara la kila siku linaweza mishikaki mitatu au minne kwa zamu. Mkaa usijae mpaka mdomoni. Kati yake na nyama iwepo nafasi ya sentimita 10. Kwa mingi zaidi, tandaza mchanga uani, panga matofali mistari miwili sambamba yenye urefu sawa, yakiachana kiasi kwamba ncha za sindano zitakaa juu ya matofali na nyama ikae hewani, kisha mimina mkaa ulioiva katikati. Bila wavu, hakuna pa nyama kuganda, na unaweza kutanua jiko hilo kadiri ya wageni.

Jambo moja lisilo na mzaha: usiwashe mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, na usiliingize jiko ndani hata mkaa unapoelekea kuzima. Kaboni monoksaidi, gesi inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haina rangi wala harufu, na inaua watu waliolala.

6. Kuchoma

Toa nyama kwenye friji dakika 20 kabla. Pangusa mtindi uliozidi kwa kidole; ukiacha lundo litadondoka mkaani na kuganda kwenye wavu. Wavu uwe wa moto kwanza, ndipo uupake mafuta kidogo kwa kitambaa kilichofungwa kwenye koleo.

Weka mishikaki upande wenye mkaa mwingi. Kwa dakika mbili za kwanza usiiguse. Nyama iliyoshika wavu inajiachia yenyewe ikishapata rangi. Ukiivuta mapema inachanika. Baada ya hapo geuza kila dakika mbili, pande zote, sio mbili tu. Jumla itakuwa dakika 12 hadi 15 kwa mapaja, na 8 hadi 10 kwa kidari.

Mafuta yakidondoka na ndimi zikaruka, hamisha mshikaki kwenye kimbilio mpaka zitulie. Usimwagie maji, utakula majivu.

Cha kupaka ni hiki: mafuta vijiko vikubwa 3, juisi ya ndimu moja, punje mbili za kitunguu saumu na chumvi kidogo. Kama huna brashi, ponda ncha ya bua la mchaichai mpaka litoe nyuzi, nalo litaongeza harufu. Paka kuanzia dakika ya tano hivi. Yale maji ya viungo yaliyobaki kwenye bakuli la nyama mbichi yamwage. Na chochote chenye sukari, iwe asali, tomato sosi au ukwaju uliotiwa sukari, kisipakwe mpaka dakika tatu za mwisho, kwa sababu sukari inaungua wakati nyama bado haijaiva na utadanganyika na weusi ukafikiri tayari.

Kuku si wa kuliwa nusu mbichi. Mwenye kipimajoto asome nyuzi 74 za Selsiasi katikati ya kipande kinene. Asiye nacho akate kipande kinene kuliko vyote, kile kilichokaa mbali na moto mkali: nyama iwe nyeupe au ya kahawia hafifu mpaka katikati, maji yanayotoka yawe maangavu. Kama kuna uwaridi unaong'aa, rudisha dakika mbili.

Ipulia kwenye sahani safi, si ile iliyobeba nyama mbichi. Funika kwa urahisi na uache dakika nne au tano, maji yatulie ndani ya nyama. Hapo ndipo kamua ndimu ya pili juu.

Kwa wanaoandaa futari, hesabu ni hii: mkaa uwashwe karibu saa moja kabla ya adhana ya magharibi. Nusu saa ya kuiva kwa mkaa, robo saa ya kuchoma, na zinazobaki ni za kupumzisha nyama na za mambo yasiyotarajiwa, maana daima yapo.

7. Ukwaju na vya pembeni

Kuku wa mkaa anataka kitu kichachu. Forodhani kule Unguja, mishikaki haikamiliki bila kijibakuli cha ukwaju; Muscat nako, mishikaki ya barabarani huliwa na ukwaju, na Mzanzibari aliyehamia huko haoni ugeni.

Loweka gramu 100 za ukwaju kwenye kikombe kimoja cha maji ya moto dakika 20. Kamua kwa mkono, chuja. Tia sufuriani pamoja na vijiko vikubwa 2 vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa na pilipili. Chemsha kwa moto mdogo mpaka ushike nyuma ya kijiko, dakika 8 hadi 10. Onja ukiwa umepoa, kwani ukiwa moto uchachu haujitokezi wote.

Kachumbari kila mtu anayo yake. Ushauri wangu ni kwenye kitunguu tu: kikate chembamba, kifikiche na chumvi, kioshe mara mbili, ndipo kikutane na nyanya. Na kachumbari itie chumvi ya mwisho mezani, la sivyo bakuli litajaa maji.

Chapati, mkate wa ajemi, ndizi mbichi za kuchoma kwenye mkaa uleule, mihogo: chochote kati ya hivyo kinafaa. Chipsi pia, ingawa kukaanga viazi na kusimamia mkaa kwa wakati mmoja ni kazi ya watu wawili.

Ukitaka ya nazi

Hii inafuata njia ya kuku wa kupaka. Badala ya mtindi, tia nusu kikombe cha tui zito, usitie nyanya ya kopo, ongeza manjano kidogo na pilipili mbichi ya kupondwa. Tenga kikombe kingine cha tui, kichemshe na chumvi, manjano na kipande cha tangawizi mpaka kiwe kizito kama cha kupaka. Choma mishikaki kama kawaida kwa mafuta na ndimu, na tui hilo lipake dakika nne za mwisho, tabaka juu ya tabaka, ukigeuza. Lililobaki mimina juu wakati wa kupakua. Kwa mapaja haina mfano. Kwa kidari ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko ile ya mtindi, kwa kuwa mafuta ya nazi yanafidia yale ambayo kidari hakina.

Asiye na pa kuwashia mkaa

Ghorofani pasipo na baraza, tumia oveni. Iwashe nyuzi 220 mpaka iwe moto kweli. Laza mishikaki juu ya wavu wenye trei chini yake, au ncha zikae kwenye kingo za trei nyama ikiwa hewani. Ikilala kwenye trei itachemka kwenye maji yake. Dakika 15 hadi 18, ukigeuza mara moja, na dakika mbili tatu za mwisho washa moto wa juu peke yake ili ipate madoa ya kuungua. Kwenye kikaango kizito cha chuma pia inawezekana, kwa vijiti vifupi, bila kujaza kikaango.

Harufu ya mkaa unaweza kuirudisha. Weka mishikaki iliyoiva kwenye sufuria pana, katikati weka kijibakuli cha chuma au kipande cha karatasi ya alumini kilichokunjwa. Kipande kimoja cha mkaa kiwashe kwenye moto wa gesi mpaka kiwe chekundu, kitie kwenye kijibakuli, kidondoshee kijiko cha chai cha samli, funika mara moja kwa dakika 4. Fungua dirisha unapofanya hivyo. Zaidi ya dakika 5 moshi unageuka uchungu.

Iliyobaki

Isikae mezani zaidi ya saa mbili. Chomoa nyama kwenye vijiti, iache ipoe, tia kwenye chombo chenye kifuniko. Kwenye friji inakaa siku tatu. Usiipashe kwenye mkaa tena, itakuwa ngumu. Ikate vipande vidogo, ipitishe kikaangoni na mafuta kidogo na vijiko viwili vya maji, funika dakika mbili mpaka ipate moto kabisa, ikunje kwenye chapati pamoja na kachumbari na ule ukwaju uliobaki.